Alichosema Saidi Mkekani

Clarisse alirudi kwangu amenenepa kidogo, na mimi nilifurahi kumwona hivyo kabla sijakumbuka kwamba nina hasira naye. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya lango langu hapa Kabondo, akafuta vumbi la miwani kwa upindo wa blauzi, akasema, "Mama, nimefika," kama mtoto aliyetumwa sokoni asubuhi akarudi mchana. Miaka imepita. Mjukuu wangu mkubwa, yule anayesoma chuo, ambaye mimi niliyeachia shule kwenye darasa la nne nimemfikisha huko kwa mikono hii, alimtolea kiti. Nikamwekea chai na mikate ya kukaanga. Mgeni ni mgeni, hata kama amekuchoma. Aliponyanyua kikombe nikaona ule mkono wake mwembamba, nikakumbuka mahali ulipokwenda siku ile ya ukumbini, na kikombe changu mwenyewe nikakirudisha mezani.

Basi niueleze ule mwaka. Saidi, mtoto wangu wa kwanza, ameniruhusu. Nilimwuliza kwa simu, akacheka kidogo, akasema, "Andika tu, mama. Ile ya mukeka batu bote banaijua. Zingine uache." Zingine nimeacha.

Mwaka ule nilikuwa napikia watu wa zimamoto, bapompier kama tunavyowaita Kisangani. Saidi alikuwa mmoja wao, na nasema bila aibu kwamba hakuwa wa mwisho: kwenye moto yeye ndiye aliyeshika mdomo wa mpira, mbele kabisa, pale ambapo nyusi zinaungua. Kituo chao kilikuwa na gari moja, jekundu ambalo jua lililipausha mpaka likawa rangi ya nyanya iliyolala sokoni. Nyuma ya gari kulikuwa na chumba cha vitanda vya chuma, na kila kitanda kilikuwa na buti zake chini, zimekaa sawasawa kama sahani, na harufu ya moshi iliyoingia hadi kwenye ukuta. Baada ya chumba hicho kulikuwa na ukumbi mdogo wenye kalenda za zamani, kisha jiko langu. Kati ya jiko na ukumbi kulikuwa na dirisha lisilo na kioo, la kupitishia sahani. Nilipitisha humo lituma, ndizi zangu za kuponda ambazo mtu wa Kisangani akizikosa anaona hajala, nikapitisha makayabu, samaki wa chumvi, nikapitisha sombe ya majani ya muhogo. Na humohumo, kwa kurudi, yalipita maneno yao yote. Sikuwa na haja ya kutega sikio. Sikio lilikuwa limekaa mahali pake.

Walizungumza mawe. Mtu ambaye hajaishi hapa hataelewa. Nyumba ikiwaka, gari la zimamoto linakuja na maji yale tu yaliyo tumboni mwake. Yakiisha linarudi mtoni kunywa, na nyumba haingoji. Watu wa mtaa wanajua hivyo, lakini mtu anayetazama kitanda chake kinaungua hajui kitu. Anaona watu wenye kofia wamechelewa, halafu wamekuja na maji ya kunawia. Anaokota jiwe. Vijana wangu walirudi wakiwa na masizi ya moto na damu ya mawe ya majirani. Tonton Bosco, mjomba wa wote na dereva wao, mzee mwenye tumbo na utani, alikuwa akiegesha gari anapiga kelele mpaka jikoni: "Mama Saidi! Tia chumvi, tumerudi na majiwe ya kupikia!" Wanacheka, wanakula. Halafu wanakwenda kulala na hawalali. Asubuhi baada ya zamu nilikuwa napita na ndoo, nawaona wamelala chali macho wazi, wanahesabu misumari ya bati. Wengine walikunywa ili walale. Wengine walipiga wake zao, na wake walikuja kulia jikoni kwangu, wananisaidia kuchambua majani.

Ndipo alipokuja Clarisse. Alitoka Kinshasa, msichana wa chuo, amekonda kama ufito, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala na Kifaransa mpaka hujui umjibu kwa kipi. Alitumwa na watu wa nje waliotaka kuwasaidia wanaofanya kazi za hatari wapate usingizi na utulivu. Siku ya kwanza alitandika mkeka mkubwa pale ukumbini, akawaambia wavue viatu, wakae chini, waweke mkono kifuani. Akasema atawafundisha huruma. Mkeka wote ulicheka. Wanaume wanaobeba watu mgongoni kutoka motoni wanafundishwa huruma na mtoto wa shule!

"Mutakie mema mutu mwenye unapenda," alisema. Hapo walikubali, wengine wakafikiria mama zao, wengine sijui nani. "Sasa ujitakie wewe mwenyewe." Hapo wakaanza kukohoa. "Sasa umutakie mema mutu mwenye alikuumiza."

"Mademoiselle," akasema Tonton Bosco, jicho moja limefumba na moja linachungulia, "ule alinipiga jiwe juzi kule Mangobo, nimutakie nini? Nguvu ya mukono?"

"Umutakie alale muzuri, tonton."

"Akilala muzuri, kesho ataamuka na shabaha!"

Nilicheka mpaka nikaunguza vitunguu. Lakini yule binti hakuudhika, alicheka nao, na kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Alikula chakula changu kwa vidole, hakuchagua. Alinisaidia kuosha masufuria. Aliniambia mama yake alikufa angali mdogo, na mimi, kwa ujinga wa matiti yangu, nikamweka humu ndani pamoja na wanangu. Siku moja aliniita dirishani: "Mama, vua kandambili, kuja kwa mukeka. Wewe pia unabeba." Nikamwambia mimi nabeba sufuria tu. Akasema, "Bon, weka sufuria chini." Nikakaa kati ya Bosco na Saidi, mkono kifuani, nikajitakia mema. Niseme ukweli, sikujua kama inawezekana. Umri wote ule nilikuwa nawaombea watu: mume, watoto, wagonjwa, maiti. Kujitakia mimi mwenyewe nilale, nipumue, niwe salama, nilikuwa naona ni kama kujipakulia nyama kabla ya wageni. Nilishika kifua changu, nikasikia moyo unanigonga mkononi kama mtu aliyefungiwa nje. Hilo nililipata kwa Clarisse na silikatai mpaka leo. Ndiyo maana inauma.

Alikuwa na desturi yake. Kila mara walipomaliza kusema, watu wawili walitoa mkeka nje, wakaukung'uta kwa nguvu, na kila mmoja aliutazama unakung'utwa. Maana yake: yaliyosemwa yameanguka hapa, hakuna wa kuyaokota. Alituapisha wote, na mimi pia. "Maneno ya mukeka haivuke mulango," alisema. "Hata kwa bibi yako. Hata kwa padri, hata kwa imamu. Hata miye."

Kati ya wote, Saidi ndiye aliyekaa muda mrefu bila kusema. Kulikuwa na moto mmoja Mangobo, katika uwanja wa kijana muuza petroli, mmoja wa wale tunaowaita kadhafi, wanaojaza bidoni, madumu ya mafuta, chumbani karibu na kitanda. Chumba cha nyuma alikuwemo mzee fundi baiskeli, mgonjwa wa miguu. Mzee alikufa. Saidi alirudi na nyusi ya kushoto imepasuliwa kwa jiwe, wakaishona, ikaacha kovu kama mdudu aliyelala. Tangu siku hiyo hakulala. Alikuwa anakuja jikoni mchana, anakaa juu ya gunia la makaa, anasinzia kidogo, halafu anashtuka na kukamata hewa kwa mikono miwili kama anashika mpira wa maji. Chakula aliacha. Mtoto wangu aliyekuwa anamaliza lituma ya watu wawili alikuwa anachora tu sahani kwa kidole.

Siku aliyosema, nilikuwa pale mkekani. Hakulia. Alisema akitazama magoti yake. Alisema alikuwa ameshika mdomo wa mpira, maji yanatoka, anasikia mzee anaita kutoka chumba cha nyuma. Likaja lile jiwe. Damu ikaingia jichoni. Na hasira ikampanda, akageuka, akawamiminia maji waliorusha mawe. Akawapiga nayo, wakaanguka, wakakimbia, na yeye akaendelea. "Nilisikia vizuri," alisema. "Hapo nilisikia vizuri ndani ya roho." Alipogeuka tena kwenye moto, mpira ulikohoa, ukatoa upepo. Maji yalikuwa yamekwisha.

Nje kulikuwa na mtu anauza mikate, anapiga kengele ya baiskeli. Tonton Bosco akaweka mkono mzito juu ya mgongo wa Saidi, akauacha hapo. Clarisse hakumwambia si kosa lako. Hilo nilimpendea. Alimwuliza, "Unataka kufanya nini na ile maneno?" Saidi akajibu anataka kwenda kumwambia binti wa yule mzee kwa mdomo wake. Clarisse akasema, "Siku utakuwa tayari, utaenda. Hakuna mutu atakusukuma." Kisha mkeka ukakung'utwa, na mimi ndiye niliyeshika pembe.

Baada ya pale alilala. Jamani, alilala! Asubuhi moja, zamu imekwisha, nikasikia mkoromo unatoka chumba cha vitanda, nikajua ni wake maana ni wa baba yake. Watu wazima wenye buti walitembea kwa ncha za vidole. Bosco alimfukuza muuza maji aliyepiga filimbi getini: "We! Kupiga tena na nitakumeza na filimbi yako!" Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikasikiliza mpaka chakula kikashika chini, na siku hiyo walikula kilichoungua na hakuna aliyelalamika. Clarisse alikuja akasimama karibu yangu. Akanishika kiuno, akaegemeza kichwa chake begani mwangu. Nilimbusu utosini. Ndiyo, huyo huyo.

Binti wa mzee aliitwa Mama Nyota, mwuza samaki wa moshi. Tulipanga na Saidi tutakwenda pamoja, mimi na yeye, kama inavyotakiwa: mtu anayekwenda kwa mfiwa na neno zito haendi peke yake, anakwenda na mama yake, wanakaa chini kwanza, hawapokei kiti. Alitaka kwanza ile sherehe ya kufunga mafunzo ya Clarisse ipite, ili aende akiwa amevaa nguo zake za kawaida na si za kazi. Nilikuwa nimeshatenga kikwembe, kitenge changu, cha kuvaa. Clarisse alijua. Tulimwambia sisi wenyewe, jikoni, akasema, "Mama, miye najivunia Saidi kabisa."

Sherehe ikawa katika ukumbi mkubwa wa mjini. Viti vya plastiki, Fanta, vitambaa mezani, wakubwa wa serikali mbele, wale watu wa nje waliomtuma Clarisse, wageni wenye mashati ya mikono mirefu, wanajipepea. Vijana wangu walikuwa wamepiga pasi mpaka makunyanzi ya uso. Walialikwa pia watu wa mitaa iliyoungua, ili wapatane na zimamoto, na kweli lilikuwa wazo zuri. Mama Nyota alikuwepo, safu ya nyuma, kitambaa cheusi kichwani. Clarisse akashika maikrofoni. Mwanzo alisema vizuri. Alisema juu ya usingizi, juu ya moyo unaochoka kama misuli. Watu walipiga makofi. Wageni wale wakatikisa vichwa. Nadhani makofi yalimlevya, au nadhani alitaka waone zaidi, wasirudi kwao na maneno matupu. Akasema, "Niwaelezee mumoja wao. Jina lake siseme."

Hakusema jina, ni kweli. Alisema moto, na mawe, na mzee anayeita. Alisema kijana aliyegeuza maji. Na aliposema "jiwe likamupiga hapa," ule mkono wake mwembamba ukapanda wenyewe, kidole kikagusa nyusi yake ya kushoto.

Ukumbi mzima ukageuka. Sikuwahi kusikia shingo za watu zikifanya sauti, siku ile nilisikia. Saidi alikuwa amekaa wima na kovu lake, amepigwa pasi, hana pa kuuweka uso. Na Clarisse, machozi yanamtoka, machozi ya kweli, akamalizia: "Leo, ule kijana analala kama mutoto!" Wakubwa wakapiga makofi. Nilitazama nyuma. Mama Nyota hakupiga. Aliweka chupa yake ya Fanta chini, taratibu, kando ya mguu wa kiti, akatoka.

Nilimkamata Clarisse pale pale karibu na meza ya vinywaji. Nikamwambia, "Umefanya nini?" Akanitazama, anang'aa bado. "Mama, umeona? Bamesikia! Wataendelea kusaidia, hata miji ingine. Na jina sikusema." Nikamwambia, "Kidole chako kimesema." Akajigusa nyusi tena, hapo ndipo alipoelewa, na rangi ya midomo yake ikaondoka. Lakini shingo zilikuwa zimekwisha kugeuka.

Mama Nyota alikuja kituoni kesho yake, wakati wa chakula. Hakuja na ndugu, hakuja na kelele. Angekuja na kelele ningejua la kufanya. Alisimama mbele ya Saidi aliyekuwa na tonge mkononi, akauliza, "Wakati ulikuwa unawamwagia wale batu maji, papa yangu alikuwa anaita bado?"

Bosco akasema, "Mama, kaa kwanza..."

"Siko naongea na wewe, tonton."

Saidi akaweka tonge chini. Akasimama. "Ndiyo, mama. Alikuwa anaita."

Yule mama akavuta pumzi. "Ungekuja kwangu," alisema, "ningekulaani. Ningekulaani mpaka nichoke, halafu ningekupa maji ya kunywa, maana ni wewe ungekuja. Sasa kifo ya papa yangu nimeisikia katika maikrofoni, pamoja na batu banakunywa Fanta. Nikufanye nini sasa? Hakuna kitu yenye nimebakia nayo ya kukufanya." Akanigeukia mimi dirishani. "Na wewe mama, ulijua?" Nilikuwa nimeapa. Nilikuwa nimeshika pembe ya mkeka. Nikanyamaza, nikatunza ahadi ambayo mwenyewe aliyetuapisha alikuwa ameivunja mbele ya mji, na yule mama akauona unyamavu wangu akautafsiri alivyoweza. Akaondoka. Samaki wake sikuwahi kununua tena, si kwa ubaya, miguu tu inapita mbali.

Watu husema Saidi alikimbia aibu. Uongo. Kosa alilibeba, na mzee yule alikufa, na maji yale yalikuwa ya mzee. Mimi ni mama, si kipofu. Lakini alikuwa na jambo moja tu lililobaki safi mkononi mwake, kwenda na kusema mwenyewe, na hilo alinyang'anywa na mtu aliyemfundisha kulipata. Baada ya hapo mkoromo ulikwisha. Mkeka ulibaki umekunjwa pembeni, na kila Bosco alipojaribu kuutandika, vijana walikumbuka kazi nyingine. Saidi alikunja nguo za zimamoto, akaziweka juu ya kitanda cha chuma, akapanda mashua kubwa ya mizigo kuteremka mto mpaka Isangi. Huko anatengeneza injini za mitumbwi. Ana mke na watoto. Hajagusa tena mpira wa maji.

Haya yote yalikuwa yamekaa kati yetu mezani, mimi na Clarisse, chai inapoa. Alisema amefundisha miji mingi tangu wakati ule. Alisema habari za watu hasimulii tena. Kisha akavua miwani. "Mama, tangu ile siku miye pia silali vizuri. Nipe namba ya Saidi. Nimuombe pardon, ni hiyo tu. Nikisikia sauti yake tu, nitapumua."

Nilimtazama. Nywele zimeanza kuwa na mvi mbele. Niliweka mkono kifuani pale pale kwenye kiti, nikafumba macho kama alivyonifundisha, nikamtakia mema. Sikufanya mchezo. Nilimtakia apone, apumue, apate mtu wa kumshika kiuno. Nilimtakia alale. Nilipofumbua macho alikuwa analia, akadhani nimekubali, akatoa simu yake aandike namba.

Ndipo simu yangu ikalia. Ni Saidi, hupiga kila siku saa kama hiyo akipumzika kazi, na simu yangu ni nzee, sauti yake inasikika mpaka kwa jirani. "Mama! Uko na nani leo?"

Clarisse aliacha kupumua. Nilisema nikimtazama machoni, "Niko na mupita njia, papa. Amesimama kunywa chai."

Nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba, mbali, kwenye majani ya muhogo, nikaifunika simu kwa kiganja na kwa kikwembe. Nikamwuliza ninachomwuliza kila siku: "Umelala, mwanangu?" Akanijibu. Tukazungumza kidogo habari za watoto, tukaagana.

Niliporudi nilimkuta Clarisse amesimama, uso wote umeelekea kwangu, anangoja nimwambie alivyojibu. Na wewe unayesoma, najua, unangoja vilevile. Niliimwaga ile chai yake iliyopoa, nikamwekea nyingine ya moto, na nikamwuliza kama anaongeza sukari.